Yangeyange na Korongo wa Mabonde ya Morogoro

Mtu akitajiwa Morogoro, mara moja fikira zake hupanda mlimani. Huikumbuka safu ya Uluguru iliyosimama nyuma ya mji, mawingu yatuayo juu ya kilele cha Lupanga, mboga na matunda yateremshwayo kutoka Mgeta na Matombo, na vijito vya maji baridi vipitavyo katikati ya mawe. Hayo yote ni kweli, na aliyeyaona hawezi kuyasahau. Lakini katika makala haya nawaomba wasomaji wapenzi tuupe mlima mgongo kwa muda kidogo, tuyatazame mabonde yayapokeayo maji: mabwawa, vinamasi, mashamba ya mpunga na mbuga zifurikazo wakati wa masika. Huko ndiko waishiko wale ndege warefu wa miguu na shingo, yangeyange na korongo, ambao wengi wetu huwaona kila siku na wachache mno huwajua.

Sisemi tuwatazame kwa sababu ya uzuri wao tu, ingawa uzuri wanao. Ndege hawa hula samaki, vyura, wadudu na viumbe wengine wadogo, na wengi wao hawawezi kudumu mahali ambapo maji yamekufa. Kwa hiyo kuwapo kwao ni habari ya maji, na kuondoka kwao nako ni habari. Maji hayo ndiyo tuyanywayo, ndiyo tuyapikiayo, na ndiyo tutawadhiayo. Basi yatupasa kuwajua ndege hawa na kuzijua haja zao.

NAMNA YA KUWATAMBUA

Shida ya kwanza ni majina. Katika Kiswahili neno korongo hutumika kwa ndege wengi wenye miguu mirefu na mdomo mrefu, hata wasiokuwa wa ukoo mmoja. Pengine husikika pia majina ya koikoi na kulastara. Wale weupe ndio huitwa yangeyange. Iko njia moja rahisi ya kuwapambanua: mtazame ndege anaporuka. Korongo tuwasemao hapa, pamoja na yangeyange, hukunja shingo wakiwa hewani, kichwa kikarudi kati ya mabega. Lakini kwarara, na wale korongo wenye taji kichwani, huruka wakiwa wamenyoosha shingo mbele.

Shingo hiyo haikuumbwa hivyo kwa pambo. Pingili zake zimepangwa kwa namna ya kujikunja kama herufi ya S, kisha hufyatuka kwa ghafla, na mdomo ukamdaka samaki kabla hajajua lililompata. Ajabu nyingine iko kifuani. Hapo pana manyoya ambayo ncha zake humeguka na kuwa unga mwororo. Ndege hujipaka unga huo ili kuondoa utelezi wa samaki, halafu hujichana kwa ukucha wa kidole cha kati, ambao una meno mithili ya kitana. Mtoto akiuliza ni nani aliyemfundisha ndege kujichana, mzazi analo jibu.

Yangeyange ambao ni rahisi kuonekana ni wa namna tatu. Wa kwanza ni yangeyange wa ng'ombe, mfupi wa shingo, mdomo wake wa manjano. Wakati wa kutaga huota manyoya ya rangi ya hudhurungi iliyofifia kichwani, kifuani na mgongoni. Wa pili ni yangeyange mdogo, mwenye mdomo mweusi na miguu myeusi, lakini nyayo zake ni za manjano, utadhani amevaa viatu. Wa tatu ni yangeyange mkubwa, ambaye kimo chake hukaribia meta moja, na shingo yake ina pindo katikati. Mdomo wake ni wa manjano, ila hugeuka kuwa mweusi majira ya kutaga.

Kwa upande wa korongo, yuko korongo wa kijivu, ambaye hupatikana pia Ulaya na Asia. Yuko na ndugu yake mwenye kichwa cheusi, ambaye hutembea zaidi nchi kavu, mashambani na katika viwanja, akitafuta panya na panzi. Huyu ni rafiki wa mkulima bila ya mkulima kujua. Yuko korongo wa rangi ya zambarau na kahawia, mwembamba, ajifichaye katika matete. Na yuko mkubwa wao wote, mwenye kichwa na shingo ya rangi ya kutu, ambaye husimama kwa kimo cha karibu meta moja na nusu. Duniani hakuna korongo wa ukoo huu aliye mkubwa kuliko yeye. Mwisho kuna wale wadogo, wakaao kimya juu ya majani yaeleayo au katika matawi yainamiayo maji, na yule wa usiku, mwenye macho mekundu, atokaye kuwinda wengine wanapokwenda kulala.

KUTOKA RUVU HADI MJINI

Msafiri atokaye Dar es Salaam huanza kukutana na maji ya Uluguru kabla hajauona mlima wenyewe. Reli ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Morogoro mwaka 1907. Tangu Juni 2024 kuna treni ya umeme katika reli mpya, na mtu aliyekaa dirishani huweza kuivuka mbuga ya Ruvu akiwa ametulia. Mto Ruvu umetoka katika milima ya Uluguru; maji yake hunywewa na wakazi wa Dar es Salaam, kisha huingia baharini karibu na Bagamoyo. Kwa hiyo mtu wa mjini ambaye hajapata kufika Morogoro hata siku moja amekwisha kuonja mlima wake.

Katika mbuga kama hizo ndiko aonekanapo yangeyange wa ng'ombe akifuatana na mifugo. Watu wengi husema kuwa anafuata kupe. Ni kweli kwamba humla kupe akimwona, lakini chakula chake kikubwa ni panzi na wadudu wengine ambao kwato za ng'ombe huwatimua katika majani. Wataalamu waliowachunguza ndege hawa wameona kwamba yule afuataye ng'ombe hupata chakula kingi zaidi kwa hatua chache kuliko yule atafutaye peke yake. Kabla ya kuzoeana na ng'ombe, yangeyange alifuata nyati na tembo, na katika Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, huweza kuonekana akifanya hivyo mpaka leo.

Ndege huyu ametembea mbali kuliko wengi wetu. Asili yake ni Afrika na nchi za jirani, lakini mwishoni mwa karne ya 19 alionekana Amerika ya Kusini, na yasadikiwa kuwa aliivuka bahari ya Atlantiki kwa mbawa zake mwenyewe akisaidiwa na upepo. Mwaka 1953 ilithibitishwa kwamba anataga Florida, katika nchi ya Marekani. Huko alikuta misitu imefyekwa na malisho ya ng'ombe yamefunguliwa, akapata riziki yake. Basi yangeyange huyu hana hofu na mwanadamu. Pale mwanadamu afugapo, yeye hustawi. Lakini tusidanganyike kwa wingi wake tukadhani ndugu zake wote wanastawi vivyo hivyo. Wengi wa ndugu zake hawategemei ng'ombe, wanategemea maji.

KATIKA BWAWA LA MINDU

Kilomita chache nje ya mji wa Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, liko Bwawa la Mindu. Lilipatikana kwa kuuziba mto Ngerengere, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili mji na viwanda vyake vipate maji. Wavuvi hulivua perege na kambale, na ndege nao huvua humo humo.

Atakaye kuwaona ndege wa Mindu yafaa afike alfajiri imekwisha pambazuka, jua halijawa kali. Akae mahali pamoja, asiseme sana. Ataona kwamba kila mmoja ana mahali pake na namna yake ya kutafuta. Korongo wa kijivu huingia katika maji ya kufika magotini mwake, akasimama kama mti uliokauka, hata mtazamaji akachoka kabla yake; kwake yeye methali ya subira kuvuta heri si maneno matupu. Yangeyange mkubwa huenda hatua moja moja. Yangeyange mdogo hana subira hiyo. Hukimbia huku na huko katika maji madogo, akilikoroga tope kwa unyayo wake wa manjano ili vilivyojificha vitoke. Wale wafupi kabisa hukaa juu ya majani yaeleayo. Kwa hiyo urefu wa miguu ndio ugawao bwawa, na ndege hawa hula pamoja bila ya kugombana sana, kila mmoja kwa kina chake.

Yuko pia korongo mweusi mdogo, ambaye vijana watapenda kumwona kuliko wote. Huyu hukunjua mabawa yake mbele na kuyazungusha kichwa kizima mpaka yakakutana kama mwavuli, naye akainamisha kichwa ndani ya kivuli hicho. Baada ya nukta chache hufunga mwavuli wake, akatembea kidogo, akaufungua tena. Hudhaniwa kwamba kivuli humwondolea mng'ao wa jua juu ya maji akaona vyema, na huenda samaki wadogo nao wakavutwa na mahali penye giza.

Sasa na tulitazame jambo moja ambalo ni msingi wa habari hii. Ndege hawa wote hula ukingoni. Kina kirefu hakiwafai, maana hawaogelei kama bata. Uhai wao uko katika ule mkanda mwembamba wa maji madogo na majani uzungukao bwawa, na mkanda huo ndio utamaniwao na watu, kwa sababu ardhi yake ina rutuba na unyevu hata wakati wa kiangazi. Mtu hulima mchicha leo, mwakani mwenzake akalima mahindi mbele yake, na mwaka wa tatu wamefika majini. Majani yakiisha, udongo hauna wa kuushika, nao huingia bwawani mvua inaponyesha.

Udongo mwingine huja kutoka juu. Miteremko ya Uluguru ni mikali, na mvua zake ni kubwa. Palipo na msitu, matone huanguka juu ya majani, maji yakazama ardhini na kutoka polepole katika chemchemi. Palipofyekwa au kuchomwa moto, maji hukimbia na udongo. Korongo huwinda kwa macho. Maji yakiwa kama chai ya maziwa, hamwoni samaki. Na tope likizidi kutuama, bwawa hupunguza nafasi ya kuhifadhi maji ya mji. Kwa hiyo kile kimwondoleacho korongo chakula ndicho hicho kimwondoleacho mama wa nyumbani maji katika bomba lake.

Watawala wa zamani walilijua jambo hili, lakini njia waliyoishika haikuwa njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, faida watu hawakuiona, na mwaka 1955 palizuka ghasia, mpango wenyewe ukavunjika. Funzo lake ni kwamba ardhi haitunziki kwa amri pekee, mpaka yule aishiye juu yake aone kwamba ni mali yake na haki yake. Leo misitu mikuu ya milima hii ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008. Aidha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu zenye madhara ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Meta 60 si nyingi. Kijana huzikimbia kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Lakini kwa korongo hizo ndizo shamba lake lote.

MASHAMBA YA MPUNGA NA HATARI YA SUMU

Upande wa kaskazini wa mji, mtu afuataye barabara ya Dodoma hufika Dakawa, katika bonde la mto Wami, penye mashamba makubwa ya mpunga. Shamba la mpunga lililojaa maji ni kama kinamasi kilichotengenezwa kwa mkono wa mtu, na yangeyange hulipenda sana. Baadhi ya wakulima huwachanganya na ndege waharibifu. Yafaa ijulikane kwamba yangeyange na korongo hawali mpunga. Alaye mpunga ni kwelea kwelea, ndege mdogo ajaye kwa makundi makubwa. Yangeyange aingiapo majarubani hufuata wadudu, vyura na samaki wadogo. Huenda akakanyaga miche michache. Lakini hesabu ikifanywa kwa uadilifu, faida yake ni kubwa kuliko hasara.

Hatari iliyopo katika mashamba ni dawa za kuua wadudu zitumiwapo bila kipimo. Mdudu hula kidogo cha sumu. Samaki hula wadudu wengi. Korongo hula samaki wengi. Hivyo sumu hupanda ngazi kwa ngazi, ikizidi kukusanyika, mpaka ikamfikia aliye juu. Katika miaka ya 1950 na 1960 jambo hili lilionekana wazi huko Ulaya na Amerika: ndege walao nyama na samaki, korongo wakiwa miongoni mwao, walianza kutaga mayai yenye ganda jembamba, na mengi yakavunjika chini ya mama zao. Chanzo kilikuwa dawa kama DDT. Nchi nyingi zilikataza kuitumia mashambani baada ya hapo. Nasi tukumbuke kwamba juu ya ngazi hiyo korongo hakusimama peke yake. Mwanadamu naye hula samaki.

Ubaya zaidi ni wa wale watiao sumu majini ili wavue kwa haraka. Samaki huelea wakubwa kwa wadogo, mayai na vifaranga vyao huangamia, na ndege waokotao mizoga hufa. Mlaji naye hajui anachopelekewa sahanini. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imelikataza jambo hilo, na hata pasingekuwa na sheria, lingekuwa khiana kwa jirani. Mnunuzi anayo haki ya kumwuliza mchuuzi samaki wake wamevuliwa wapi na kwa nini, na akitilia shaka, aache.

BONDE LA KILOMBERO

Aliye na nafasi ya kwenda mbali zaidi na apite Mikumi, ageuke kusini kwa njia ya Kidatu na Mang'ula mpaka Ifakara. Kulia kwake milima ya Udzungwa itamfuata njia nzima, na kushoto bonde litazidi kupanuka. Bonde la Kilombero lina eneo la mafuriko ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa ya maji baridi katika Afrika ya Mashariki. Tarehe 25 Aprili 2002 liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima, kwa mujibu wa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran. Eneo lililoandikwa ni karibu hekta 800,000.

Wakati wa masika mito ishukayo Udzungwa na Mahenge hulijaza bonde, samaki wakasambaa katika majani kuzaa. Maji yakipungua, vidimbwi hubaki vimejaa samaki, na hiyo ndiyo karamu ya korongo na yangeyange. Ndege wengi wa ukoo huu hutaga kwa pamoja, namna mbalimbali katika miti mimoja au katika matete, juu ya maji ambako wanyama walao mayai hawafiki kwa urahisi. Kiota ni vijiti vilivyopangwa ovyo, na mayai aghalabu ni ya rangi ya samawati iliyofifia. Baba na mama huyaatamia kwa zamu, na wote wawili hulisha makinda. Bonde hili lina pia ndege mdogo wa manjano, mnana wa Kilombero, ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Na humo huishi swala aitwaye sheshe.

Lakini bonde hili limekuwa na mashindano makubwa. Wakulima wa mpunga, wafugaji, wavuvi na mashamba ya miwa wote hulitaka. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo mingi, na jambo hilo liliacha uchungu. Si kazi ya makala haya kuhukumu nani mwenye haki. Kila mmoja ana watoto wa kulisha. Yangeyange wa ng'ombe hatalalamika mifugo ikiongezeka, ilhali korongo wa matete atakosa pa kujificha. Ninalotaka tulione ni kwamba maji ya bonde hayaishii bondeni. Mto Kilombero huchangia zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji, na maji hayo ndiyo yaingiayo katika bwawa la umeme la Julius Nyerere. Kinamasi ambacho mtu hukiona kuwa ni pori lisilo na kazi, kumbe ndicho kiyashikacho mafuriko na kuyaachilia polepole. Ndege wakionekana kwa wingi katika matete yake, ni dalili kwamba kazi hiyo inaendelea.

MANYOYA YALIYOPITA BEI YA DHAHABU

Pengine kijana atauliza: Je, mtu wa kawaida aweza kufanya nini? Mambo haya si ya serikali na wataalamu? Habari ya yangeyange yenyewe ina jibu.

Wakati wa kutaga, yangeyange huota mgongoni manyoya marefu, laini, yenye kuning'inia kama nyuzi za hariri. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake matajiri wa London, Paris na New York walipenda kuyapachika katika kofia zao. Bei ikapanda hata wakia moja ya manyoya hayo ikapata kuuzwa kwa zaidi ya wakia moja ya dhahabu. Kwa kuwa manyoya huota majira ya kutaga tu, wawindaji waliwaua ndege wakiwa viotani, wakayang'oa, wakaacha mizoga na makinda. Makinda yalikufa kwa njaa. Hivyo kwa pambo la kofia moja liliangamia kizazi na kizazi chake, na katika nchi nyingi yangeyange walikaribia kutoweka.

Mwaka 1889 mwanamke mmoja wa Manchester, Emily Williamson, aliwakusanya wanawake wenzake wakaahidiana kutovaa manyoya ya ndege waliouawa kwa mapambo. Hawakuwa na kura bungeni wala jeshi. Walikuwa na sebule zao, marafiki zao na uamuzi wa kutonunua. Chama chao kilikua. Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda ndege wahamao mwaka 1918, na Bunge la Uingereza likazuia manyoya kuingizwa nchini kwa sheria ya mwaka 1921. Biashara ikafa, na yangeyange wakarudi. Israfu ya majumbani ndiyo iliyowaua, na kiasi cha majumbani ndicho kilichowaokoa.

Basi na sisi tuanze nyumbani. Mzazi amnyang'anye mtoto manati amwonapo akiwalenga ndege viotani, lakini asiishie hapo. Ampeleke Mindu asubuhi moja amwonyeshe yule korongo mwenye mwavuli, kwa maana mtoto hulinda akijuacho. Mwenye shamba kando ya mto aache zile meta 60 ziote majani. Mwenye kupiga dawa asome kipimo, na chombo asikioshe mtoni. Mwenye mti ambao yangeyange wametaga, ingawa harufu na kinyesi humkera, avumilie miezi michache mpaka makinda yaruke, ndipo akate matawi yake ikiwa lazima. Na vijana wajuao kusoma na kuandika washike daftari, kila mwezi waandike wamewaona ndege gani, wangapi, na wapi. Daftari la miaka kumi la kijana mmoja wa Morogoro laweza kuwa ushahidi wa thamani mbele ya mkutano wa kijiji au baraza la madiwani, siku watu watakapobishana kama bwawa lina afya au halina.

Hayo hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji macho na uangalifu. Maji ya Uluguru tumeyakuta, hatukuyachimba. Na watakaokuja baada yetu wanayo haki ya kuyakuta kama tulivyoyakuta, pamoja na ndege weupe wasimamao kandokando yake. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza amana hiyo.